Kofia ya Chuma Juu ya Jino Zima

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mwanzo wake ni kazi ya kawaida kabisa na mpaka leo sijui ni dakika ipi hasa niliyopotea njia.

Mimi ni tabibu wa meno, mwanamke wa miaka thelathini na minane, na chumba changu ni cha watoto, kile cha mwisho kwenye korido, chenye kiti kimoja cha kulaza mgonjwa na vibandiko vya samaki kwenye dari ili mtoto akilala chali awe na kitu cha kuhesabu. Kazi yangu kubwa ni meno ya utoto yaliyooza mpaka ndani, yale ambayo wazazi huniambia ng'oa tu, si yatatoka yenyewe, na mimi huwaeleza kuwa jino hilo ndilo linalomshikia nafasi mwenzake wa ukubwani, kwa hiyo naondoa ile nyama ya ndani iliyougua, naweka dawa, nafunika jino kwa kofia ya chuma, halafu namfuatilia mtoto kila miezi sita mpaka siku jino litakapodondoka lenyewe, kwa sababu jino la namna hiyo linaweza kutulia miaka miwili kisha likatunga usaha chini kwa chini na mtoto asiseme hata kidogo kwamba anaumwa.

Miaka minne na nusu iliyopita nilimtibu hivyo binti wa miaka mitano, jino la nyuma la chini, upande wa kushoto. Nyumbani walimwita Chiriku, na jina lilimkaa, maana alikuwa haishiwi maneno hata umwekee pamba mdomoni. Nilipomwonyesha ile kofia kabla ya kuivalisha, aliigeuza geuza kiganjani akaniuliza, "Anti, jino langu likipata mafua, kofia itapiga chafya?" Nilicheka mpaka nikalazimika kuvua barakoa. Mama yake alikuwa ameketi kwenye stuli pembeni, amempakata mdogo wake Chiriku, kitoto cha kike cha miaka miwili na ushee kilichokuwa kikinyonya kidole na kututazama tu. Chiriku alirudi baada ya miezi sita, akarudi tena mwaka ulipotimia, picha za eksirei zote mbili safi, mzizi safi, hakuna usaha. Baada ya hapo hawakuonekana tena. Sikushangaa, wazazi wengi mtoto asipolia hawaji.

Sasa mwaka huu daktari mkuu wa idara yetu alitaka tuwatafute watoto wote wa aina hiyo tujue meno yao yaliishia wapi, yaliyodumu na yaliyokufa, na mimi ndiye niliyepewa simu na rejista. Wengi wamehama, namba hazipatikani. Nilipofika kwa Chiriku simu ililia mara moja tu ikapokewa, nikajitambulisha, na yule mama akasema kwa sauti ya utulivu, "Tulikuwa tunakungoja." Alisema hivyo kama vile mimi ndiye niliyetoka kidogo nikachelewa kurudi.

Walikuja Jumanne asubuhi. Mama alikuwa amekonda, nguo imepigwa pasi vizuri, na amemshika mkono binti aliyevaa sare za darasa la nne zinazompwaya mabegani. Nikasema, "Chiriku! Umenisahau?" Mtoto akamtazama mama yake, kisha akanigeukia na kusema, neno kwa neno, na kutua palepale sauti ilipotua siku ile ya kofia, "Anti, jino langu likipata mafua, kofia itapiga chafya?"

Mtoto alilisema kama anayesoma ubaoni. Nilijichekesha, nikauliza, "Na mdogo wako yuko wapi siku hizi?" Mama ndiye aliyejibu. "Yule tulimzika. Miaka mitatu sasa." Nikampa pole, nikamlaza mtoto, nikawasha taa.

Kofia haikuwepo. Nikahesabu meno upya, nikaangalia upande wa pili nikidhani niliandika vibaya, lakini jino lile la chini kushoto lilikuwepo, jeupe, zima, halijawahi kuguswa na mashine ya mtu yeyote. Nikapiga picha. Mtoto ambaye kwenye faili ana miaka tisa na nusu alikuwa na kinywa cha mtoto wa miaka saba, meno mawili ya mbele juu ndiyo kwanza yametoka nusu, na kwenye picha mizizi ya meno ya nyuma ilikuwa mirefu, haijaanza kuliwa hata kidogo. Nikaifungua picha ya zamani kando ya hii mpya, na nikawa nimekaa mbele ya watoto wawili tofauti.

Mama alikuwa ameitwa mapokezi kugongewa kadi muhuri. Nikamwinamia yule mtoto nikamuuliza taratibu, "Mwanangu, wewe ni nani?"

Hakuogopa. Aliendelea kuwatazama samaki wa darini. "Tulilazwa wote wawili, kitanda kimoja, tuna homa," akasema. "Asubuhi tukawa mmoja. Mimi nilikuwa mdogo. Lakini mama alisema aliyekufa ni mdogo."

"Na baba alisemaje?"

"Alikataa kuniita Chiriku. Akahamia kwa shangazi. Halafu na sisi tukahama nyumba." Kisha akaongeza kwa adabu, kama mtu anayekumbushia ahadi, "Mama anasema nikivaa lile jino watu wote watanijua."

Mama akaingia. Aliziona zile picha mbili kwenye skrini, na najua alizielewa, maana alizipa mgongo akasimama kati yangu na skrini. "Kofia ilitoka, daktari. Mrudishie."

"Mama Chiriku, jino hili halijawahi kuugua."

"Mrudishie tu. Sikuombi kingine."

Sasa naomba nikiri. Kuna njia ya kuvalisha kofia bila kuchimba jino, unaibandika kwa saruji ya meno unaikandamiza kwa kidole mpaka inakaa, na nilijiambia kwamba simdhuru mtoto, kwamba mama huyu anazama na mimi nina kitu cha kumshikisha, na, nisikufiche, nilijiambia pia kwamba kwenye rejista yangu nina mistari mingi mno yenye neno "hakupatikana", na hapa kuna mmoja ningeweza kuuandikia mwisho mzuri. Nikachagua kofia, nikakandamiza. Mtoto alikunja ngumi na hakulia. Nikamwambia aume, akauma, meno yakagongana upande ule kwa sauti ndogo ya chuma, na nikamwona anaisikiliza. Mama akampakata mtoto mkubwa yule kama kichanga akisema, "Umerudi, mwanangu, umerudi," na yule mtoto akanitazama juu ya bega la mama yake na kujibu, "Nimerudi," na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Chiriku. Ilikuwa yenyewe kabisa, ile ya haraka haraka yenye kicheko chini yake, na mimi niliyekuwa nimeketi na zile picha mbili nilijikuta, kwa muda wa pumzi moja, nimeamini.

Walipoondoka niliandika: jino lipo, kofia ipo, hakuna maumivu. Nikatia sahihi.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Siku kumi baadaye mama alinipigia. Alinishukuru, akaniambia mtoto sasa anaongea bila kukoma, asubuhi mpaka jioni, hata akiwa peke yake chumbani anaongea na kujijibu, kisha akasema, "Sasa imebaki kovu." Chiriku aliwahi kuanguka kwenye ngazi za nyumba yao ya zamani akashonwa kidevuni, nalikumbuka lile kovu, mshono wa nyuzi tatu. "Wewe una sindano ya ganzi," akasema. "Hatasikia. Ni padogo tu." Nilishindwa kutoa sauti, na yeye akachukulia kunyamaza kwangu kuwa nimekubali. Amesema watakuja Jumanne ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu.

Mshauri, nikimwambia bosi nitafukuzwa kazi na rejista nzima ya miaka mitano itaonekana ya uongo. Nikimkatalia mama naogopa atafanya mwenyewe, na kisu cha jikoni kila nyumba kipo. Nikimwambia ukweli naogopa nitakuwa nimemuua Chiriku mara ya pili, mbele ya mama yake. Na kuna jambo jingine ninaloona aibu kuliandika, nalo ni kwamba tangu siku ile, chumba kikiwa kitupu na mashine zimezimwa, nashika kalamu niisahihishe ile sahihi yangu, na kila mara naiweka chini kwa sababu nahisi kuna mtoto kwenye kile kiti ananingoja niamue ni yupi.

Nifanyeje?

Tabibu wa Chumba cha Mwisho

*

MSHAURI ANAJIBU

Dada tabibu,

Barua za wenye wapenzi wawili na za mawifi wasiosalimiana zitasubiri wiki ijayo. Ukurasa mzima ni wako, na sitaki uusome ukiwa umeketi. Shika simu kwanza, halafu endelea kusoma.

Pole. Nimeanza na pole kwa sababu mbele huko sitakuwa na nyingine. Ulimwona mama amebeba mzigo usiobebeka na mkono wako ukatangulia akili. Hilo naweza kulielewa. Nisichoweza kukielewa ni wiki tatu. Wiki tatu unashika kalamu na kuiweka chini! Mtoto gani anakungoja kwenye kiti kitupu, dada yangu? Anayekungoja yuko darasa la nne na ana miaka saba tu, amevaa sare za darasa ambalo marehemu angekuwa amefika, anaumia taya kwa chuma ambacho hakukihitaji, na anajifunza kuongea na kujijibu ili nyumba isiwe na kimya. Acha kutazama kiti. Mtazame huyo.

Unasema hukumdhuru kwa kuwa hukuchimba. Mimi si mtu wa meno, lakini kusoma najua. Mtoto yule alikuambia kwa kinywa chake, mama akiwa nje, yeye ni nani. Huenda ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu kumwambia mtu mzima. Alikupa siri yake kwa sababu ulimuuliza kwa upole, na wewe ukamjibu kwa kumfunika. Alichojifunza siku ile ni kwamba hata daktari, hata mashine inayoona ndani ya mifupa, vimekubali kwamba yeye ndiye aliyekufa. Hilo ndilo jeraha, na ulilitia wewe. Litamke hivyo hivyo, usilizungushe.

Sasa sikiliza utakavyofanya.

Leo, si kesho, ingia kwa huyo daktari mkuu, funga mlango, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pamoja na sahihi. Atafoka. Mwache afoke. Ukifukuzwa utakuwa tabibu asiye na kazi, na hao wapo na wanaishi. Ukinyamaza na yule mama akachukua kisu, utakuwa kitu ambacho sina jina lake. Mwambie bosi wako unahitaji mtu wa ustawi wa jamii na daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali yenu kabla ya Jumanne hiyo. Hospitali iliyo na mtu wa kuwapigia simu watoto wa jino haikosi mtu wa kumsikiliza mama aliyefiwa.

Halafu fungua faili la Chiriku. Mnapomwandikisha mtoto huwa mnaomba namba ya ndugu wa karibu, na nina hakika ipo. Mtafute shangazi, na kupitia kwake mtafute baba. Huyo baba nina neno naye pia, na kama ananisoma alisikie: ulikataa kumwita mtoto kwa jina la maiti, ukafanya vyema, halafu ukamwacha mtoto huyo huyo peke yake ndani ya jina hilo na kwenda kulala kwa dada yako. Rudi. Hata kama humwezi mkeo, binti yako anakuhitaji umwite.

Usimfungie mama mlango, na usimwite kichaa, wala usiruhusu mtu mapokezi aseme neno hilo. Mwambie waje siku ileile aliyoitaja, ila mtoto asibaki naye peke yake katika siku zilizobaki. Shangazi akakae nao, hiyo ndiyo kazi ya shangazi. Chumbani usiwe peke yako. Na huyo mama atakapoketi, usimwonyeshe picha za eksirei kama ushahidi wa mahakamani. Alizielewa siku ile ile. Hana upungufu wa habari. Amekosa mtu wa kukaa naye wakati anazijua.

Kofia itoke. Uitoe wewe, kwa mkono uleule, na kabla hujagusa kitu mwombe radhi mtoto kwa sauti, yeye, si mama yake.

Na rejista. Unaogopa kwamba ukiandika ukweli utamuua Chiriku mara ya pili. Dada, hukumuua mara ya kwanza. Andika: mgonjwa alifariki. Na chini yake andika ulichokiona kwa macho yako alipokuja mara ya mwisho: jino lilikuwa linaendelea vizuri. Alikuwa mtoto wa miaka sita mwenye jino lililotibiwa kwa uangalifu na halikumuuma mpaka mwisho wa siku zake. Hiyo ni kazi yako njema, na ni yake yeye. Usimpe mtu mwingine.

Simu bado iko mkononi? Piga.

*

Barua fupi iliyotufikia mwezi uliofuata. Tunaichapa kwa ruhusa ya mwandishi.

Mshauri,

Nilipiga. Bosi alifoka kama ulivyosema, akapiga meza mpaka chai ikamwagika, kisha akaifuta kwa leso yake akauliza kama mtoto anakula vizuri. Nimepewa barua ya onyo na nimeondolewa kwenye ufuatiliaji. Rejista anaipitia mtu mwingine mstari kwa mstari. Nastahili. Kazi ya kutibu wameniachia.

Shangazi alipatikana kwa ile namba ya faili. Alifunga duka lake mchana huo huo akaenda kukaa nao. Jumanne walikuja wanne: mama, mtoto, shangazi, na baba, ambaye alisimama mlangoni na kofia yake mkononi na hakujua aingie au asiingie mpaka mtoto alipomwona. Daktari wa akili, mwanamke mtu mzima mwenye viatu vya raba, aliketi sakafuni kabisa karibu na stuli ya mama. Hakuna aliyetaja kovu.

Nilimwomba mtoto radhi. Nilimwambia, "Nilikuvalisha kitu kisicho chako, na ulikuwa umeniambia ukweli. Nisamehe." Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nikaichana kofia kwa mashine, ikafunguka, ikatoka. Chini yake jino lilikuwa zima. Mama alikuwa amefumba macho wakati wote ule.

Mtoto akapitisha ulimi pale palipokuwa na chuma, mara mbili, tatu. Kisha akainuka kwenye kiti, akageuka, na hakuniuliza mimi. Alimuuliza mama yake.

"Na yule mwingine sasa atakaa wapi?"

Nilisikia bomba la kufyonza mate likivuta hewa tupu, nikalizima. Mama alifumbua macho. Alimtazama yule mtoto usoni, sehemu kwa sehemu, paji, pua, kidevu kisicho na alama, kama anayesoma maandishi madogo, na nilidhani atapiga yowe. Badala yake aliweka mkono kwenye bega la yule daktari aliyekaa sakafuni, akajishikilia hapo.

"Hakai popote, mwanangu," akasema. "Dada yako alikufa. Wewe ndiye uliyepona."